Tippu Tip: Tajiri wa pembe aliyemalizia siku zake kwenye karafuu

KABLA reli haijafika Dodoma mwaka 1910, mali iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo juu ya mabega ya watu. Msafara ulioondoka Bagamoyo ukiwa na mizigo ulihitaji miezi miwili hadi mitatu kufika Tabora. Kati ya safari yote hiyo, sehemu iliyowaumiza kichwa matajiri ni nchi hii ya kati, kuanzia nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali baada ya Mpwapwa hadi Mgunda Mkali upande wa magharibi.

Miongoni mwa waliopitisha mali nyingi katika barabara hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Wengine husema jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, wengine husema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837 na kufariki huko huko Juni 1905. Kati ya miaka hiyo miwili alijenga utajiri mkubwa, akawa na dola yake katika Manyema, akaitumikia serikali ya Mfalme wa Wabelgiji, kisha akaona watawala wa Ulaya wakigawana nchi ambayo yeye na ukoo wake walikuwa wameifanya dukani kwao.

Ukoo wake haukuwa wa kubahatisha. Upande wa mama alitoka kwa Waarabu wa Muscat wenye hadhi. Upande wa baba, wazee wake walikuwa wamekwishachanganya damu na watu wa Mrima, na biashara ya bara ilikuwa kazi ya familia kabla yeye hajazaliwa. Babu yake Juma bin Rajab aliwahi kwenda bara kufanya biashara, na baba yake Muhammed bin Juma aliweka makazi karibu na Tabora akawa na mashamba huko.

Baba huyo alifanya jambo moja ambalo kwa jicho la uchumi lina thamani kuliko shehena ya pembe. Alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo hakuwa tena mgeni anayepita na kutozwa, bali mkwe wa mtemi. Tabora ilikuwa njia panda ya biashara yote ya bara. Barabara za kwenda Ujiji, Buganda na kusini ziliachana hapo, na aliyekuwa na heshima katika ikulu ya Unyanyembe alinunua kabla ya wengine. Mtoto wa Unguja alikua akijua kwamba mtaji si nguo na shanga peke yake.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alianza safari fupi za kutafuta sandarusi akiwa pamoja na wajomba zake na kaka yake. Sandarusi ni utomvu wa miti uliochimbwa ardhini katika ukanda wa pwani na kuuzwa nje kwa ajili ya vanishi. Ilikuwa biashara ya mtaji mdogo, nzuri kwa kijana kujifunzia. Alipofika miaka 18 baba yake alimchukua hadi Tabora, na kutoka huko akaendelea hadi Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Urua.

Huko Urua ndiko alipoonyesha akili yake ya soko. Pembe kubwa zilikuwa ghali kwa sababu kila mfanyabiashara alizitaka. Ndogo zilikuwa rahisi, na wenzake wakubwa hawakuzijali. Yeye alinunua ndogo. Aliporudi alikuta zina bei nzuri, akapata faida kuwazidi waliomdharau. Wauza vitunguu na karanga wa leo wanaujua mchezo huo, ingawa wachache wana ujasiri wa kuucheza wakati soko zima linakimbilia upande mwingine.

Soko lenyewe lilikuwa mbali sana. Pembe zilizobebwa kupitia Ugogo zilipakiwa melini Unguja na kupelekwa India, Ulaya na Marekani. Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na viwanda vilivyokata pembe za Afrika Mashariki kuwa vitufe vya piano. Kutoka Marekani hiyo hiyo ilikuja nguo nyeupe ya pamba iliyoitwa merikani, ambayo ilifanya kazi ya fedha huku bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoifanya merikani kuwa adimu, nguo za viwanda vya Uingereza na India zilichukua nafasi. Mkulima wa Kanyenye aliyeuza debe la mtama kwa mikono kadhaa ya kitambaa alikuwa tayari ndani ya biashara ya dunia, hata kama hakuwahi kuiona bahari.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu historia za matajiri wa misafara mara nyingi huipita Ugogo mbio kama wao wenyewe walivyotaka kuipita. Nchi hii haikuwa na pembe nyingi kama Manyema. Ilikuwa na maji na nafaka, vitu viwili ambavyo msafara wa watu mia kadhaa haukuweza kusonga bila ya kuvipata. Visima vilichimbwa kwa jasho katika mchanga wa mito iliyokauka, na uwele na mtama vilivunwa mara moja kwa mwaka, tena pale mvua iliporidhia. Kila mtemi aliyekuwa na kisima barabarani alidai hongo.

Neno hilo leo lina maana ya rushwa, na limechafuka kabisa. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Ilijadiliwa mbele ya watu, ikahesabiwa kwa doti za nguo, na ilipokwisha kulipwa msafara uliruhusiwa kuteka maji na kununua chakula. Wasafiri wa Ulaya waliipigia kelele sana katika vitabu vyao wakawaita Wagogo wanyang'anyi. Lakini mwenye kisima kimoja katika nchi kavu, akiona watu 500 wanakuja kukikausha pamoja na kula akiba ya kijiji, asingekuwa na akili timamu kama angewaachia bure. Mtemi Magomba wa Kanyenye alikuwa maarufu kwa kujua thamani ya alichokuwa nacho, na hata wasafiri waliomlaumu walilipa.

Kwa tajiri kama Tippu Tip hongo ilikuwa gharama ya kuingiza katika hesabu kabla ya kutoka pwani, pamoja na ujira wa wapagazi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi hiyo kwa malipo, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Pembe moja kubwa ilichukua mtu mmoja au wawili. Wakikimbia au wakifa kwa ndui au kipindupindu, mali ilibaki porini. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliivamia njia ya bara na Unguja yenyewe, na biashara ikayumba kwa kukosa mabega ya kubeba.

Fedha za kuendesha yote hayo hazikutoka mfukoni mwake. Misafara iliendeshwa kwa mkopo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, na aliyemwamini kuliko wote ni Tharia Topan, Mwismailia aliyekuwa na mkono mkubwa katika forodha ya Sultani. Kwa safari yake ya tatu, iliyoanza mwaka 1870, Tharia alimpa bidhaa za thamani ya takriban reale 50,000. Faida ya mkopeshaji katika mikopo ya namna hiyo iliingizwa ndani ya bei ya nguo na shanga zenyewe, hivyo mkopaji alianza safari akiwa tayari na deni kubwa kuliko mzigo aliobeba. Hapakuwa na hati ya nyumba wala mdhamini wa kumburuta mahakamani kutoka Manyema. Kilichokuwapo ni jina la ukoo na rekodi ya safari zilizopita.

Rekodi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na damu. Mwaka 1867, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa na wafanyabiashara wote, akamshinda kwa bunduki na kuchukua ghala zake za pembe na shaba. Mmishonari David Livingstone alimkuta eneo hilo mwaka huo huo. Ushindi huo ndio uliompatia sifa Unguja na kumfungulia milango ya wakopeshaji. Kwa lugha nyepesi, dhamana aliyoipeleka kwa Tharia Topan ilikuwa uwezo wake wa kuteka.

Safari ya tatu ilichukua miaka 12. Alifika Utetela, magharibi ya mto Lualaba, na huko akacheza karata ambayo baba yake aliicheza Tabora, ila yeye hakuhitaji kuoa. Alidai kwamba bibi yake alitoka katika ukoo wa mtawala mzee Kasongo Rushie, aliyekuwa amepoteza ndugu zake wa kike miaka mingi nyuma kwa kutekwa. Mzee aliamini, au aliamua kuamini, akamkabidhi utawala. Kwa simulizi hiyo moja Hamed bin Muhammed alipata nchi, watu, na haki ya pembe zote zilizopatikana humo. Baadaye makao yake yalikuwa Kasongo katika Manyema. Mpunga ulilimwa kwa wingi huko na watu wa pwani, na unalimwa hadi leo. Kiswahili walichokwenda nacho ndicho kinachozungumzwa mashariki ya Kongo.

Wazungu waliopita walimhitaji. Luteni Cameron alisaidiwa naye mwaka 1874. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliahidi kumlipa reale 5,000 amsindikize kwenye mto Lualaba. Tippu Tip alimsindikiza sehemu ya njia, akarudi kabla ya safari iliyokubaliwa kumalizika kwa sababu ya msitu, maradhi na mapigano. Malipo hayakutimia kama alivyotarajia, na alilalamika hadi uzeeni kwamba zawadi iliyomfikia kutoka kwa Stanley ilikuwa picha ya Stanley mwenyewe.

Aliporudi pwani mwaka 1882, akipita tena Tabora na nchi hii ya kati, alikuwa na shehena ya pembe iliyotosha kulipa deni na kubaki tajiri. Njiani alikuwa amepatana na Mirambo, mtemi wa Urambo aliyewapiga vita Waarabu wa Tabora kwa miaka mingi. Tharia Topan alikuwa amesubiri miaka 12. Sultani Barghash alitaka kumfanya Tippu Tip liwali wa Tabora, naye akakataa. Liwali wa Tabora alipaswa kukaa na kusuluhisha magomvi ya wengine, wakati pembe zilikuwa Manyema.

Sehemu ya mali hiyo ni watu, na hakuna namna ya kuisimulia habari yake kwa uadilifu bila kusema hivyo. Wapo waliojaribu kumtetea kwamba alikuwa mfanyabiashara wa pembe na kwamba watumwa walikuwa jambo la pembeni. Utetezi huo haushikiki. Vijiji vya Manyema vilivyovamiwa vilitoa pembe, na vilitoa pia mateka ambao walitumika kama wabebaji, wapiganaji, vibarua wa mashamba na bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1895 ilikadiriwa kwamba alimiliki mashamba saba Unguja na watumwa wapatao 10,000. Idadi kama hiyo ni mji mzima wa watu waliofanya kazi bila ujira, na ndiyo sababu hesabu ya faida yake haiwezi kulinganishwa na ya mkulima anayelipa vibarua.

Wakati anahesabu mali hiyo, nchi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Wabelgiji alitambuliwa na mataifa ya Ulaya kama mwenye Dola Huru ya Kongo, na ndani ya mipaka yake ilikuwamo Manyema. Sultani wa Unguja hakuwa na jeshi la kupinga. Februari 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya dola hiyo kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu wa mali yake fedha hiyo ilikuwa ndogo. Alichonunua kwa kukubali ni muda, akiamini kwamba ukoo wake ungeendelea kufanya biashara chini ya bendera yoyote.

Alisafiri na Stanley kwa meli kuzunguka Afrika Kusini hadi mdomo wa mto Kongo, na katika makubaliano yao kulikuwa na ahadi ya kutoa wapagazi 600. Wapagazi hawakupatikana kama ilivyokubaliwa, msafara wa nyuma wa Stanley uliangamia kwa njaa na maradhi, na Stanley alifungua madai dhidi yake Unguja. Sehemu ya fedha zake ilizuiliwa, ingawa kesi hiyo haikufika mbali. Mwaka 1890 aliondoka Stanley Falls, na mwaka 1891 akawa amerejea pwani. Bara alilolipita lilikuwa sasa la Wajerumani na Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka huo huo Tharia Topan alifariki.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kupitia mtoto wake Sefu. Yeye alibaki Kasongo kusimamia mali. Dola ya Kongo ilitaka pembe zishuke kwa mto kwenda Atlantiki, si kwa mabega kwenda Bagamoyo, na mwaka 1892 vita vilizuka. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na kabla mwaka haujaisha Sefu akauawa. Baba yake alikuwa Unguja na hakuweza kufanya lolote. Nyumba, maghala, mashamba ya mpunga na madai yote ya Manyema yalipotea bila fidia.

Kisha ikaja kesi. Mohammed bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, alikuwa mshirika wake wa upande wa Ujiji tangu miaka ya 1880. Baada ya kushindwa vita Kongo alikimbilia upande wa Wajerumani, akamshitaki Tippu Tip Dar es Salaam akidai sehemu yake ya ushirika, na akashinda. Mali ya Tippu Tip iliyokuwa bara ikachukuliwa kulipa dai hilo. Ushirika wao ulikuwa umeendeshwa kwa kuaminiana, kwa barua na mashahidi waliotawanyika kuanzia Lualaba hadi pwani, na wengine walikwisha kufa. Mahakama ya Kijerumani ilitaka ushahidi wa aina nyingine. Mzee huyo aliliona jambo hilo kuwa usaliti, na huenda lilikuwa hivyo. Lakini hata msuluhishi mwenye nia njema angepata shida kujua nani alimdai nani.

Kilichobaki ni ardhi ya Unguja. Hapa ndipo tofauti yake na wenzake wengi inapoonekana. Mke wake mmoja alitoka ukoo wa Barwani na alikuwa na mali Unguja na Muscat, na yeye mwenyewe hakuacha faida yote ya pembe irudi kwenye bunduki na nguo. Alinunua mashamba. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeng'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, na waliokuwa na fedha za kupanda upya na kusubiri miaka michache hadi miti ianze kuzaa ndio waliosimama. Wenzake waliotegemea barabara ya bara peke yake walifilisika pamoja na barabara hiyo.

Mashamba nayo yalikuwa na kasoro ndani yake. Bei ya karafuu ilikuwa chini mwishoni mwa karne hiyo, na Aprili 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru aliweza kuudai mahakamani. Wenye mashamba walijikuta wakijadiliana na watu ambao awali walikuwa wakiwaamuru, kwa ujira au kwa kuwaachia kipande cha kulima muhogo ili wabaki kuchuma karafuu. Tippu Tip alikuwa na ardhi ya kutosha kuvumilia mabadiliko hayo. Matajiri wadogo waliokuwa na rehani kwa wakopeshaji hawakuwa na nafasi hiyo.

Huku Ugogo mambo yaligeuka vilevile. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi, na utawala wa Kijerumani uliwanyang'anya watemi haki ya kutoza hongo. Mwaka 1898 ulianza kutoza kodi ya nyumba. Ushuru wa maji ulioingia kijijini ulikoma, na ushuru mwingine uliotoka kijijini ukaanza. Misafara iliendelea kupita kwa miaka michache, ila bei haikupangwa tena kisimani.

Katika miaka yake ya mwisho Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akimwandikia Mjerumani Heinrich Brode aliyezichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya mtu kujisimulia katika lugha hii. Anataja frasila, reale, nani alikopa na nani alilipa, kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara. Watumwa wanapita humo kama mizigo mingine, na majuto hayaonekani popote.

Alifariki kwa malaria katika nyumba yake ya Shangani, Mji Mkongwe. Miezi minne kabla ya hapo, Februari 1905, Wajerumani walikuwa wameanza kutandika reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Iliingia Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kwa sehemu kubwa ikifuata nchi ile ile ambayo wapagazi wake waliipita, na vituo vyake vikawekwa palipokuwa na maji.